Kungoja jibu la rezo bila kusimamisha kazi: kolbeki na korutini ni nini?

Mtu anatuma franga kwa simu, anaingiza kode yake ya siri, kisha anangoja. Mara nyingine mesaji inaingia hapo hapo. Mara nyingine inakawia, na foleni kwenye kabini inazidi kuwa ndefu. Hapa Kindu kila mtu anajua maneno ya saa hiyo: "Rezo inasumbua." Kuna wanaovumilia. Kuna wanaotuma mara ya pili, kisha mesaji mbili zinaingia zikifuatana, na franga imekwenda mara mbili.

Nyuma ya kungoja huko kuna ufundi. Watu wanaoandika programu za rezo wanauita kazi ya asinkroni, maana yake kazi ambayo ombi linatumwa sasa na jibu linakuja kwa wakati wake, bila programu kusimama na kukodoa macho. Vyombo viwili vikubwa vya ufundi huo vinaitwa kolbeki na korutini. Tunavieleza hapa kwa mtu ambaye hajawahi kuandika kode, na pia kwa vijana wetu wa vyuo wanaoanza kujifunza. Mwishoni tutarudi kwenye franga, maana hapo ndipo jambo hili linamgusa kila mtu.

Kwa nini rezo inangojesha

Ordinatere ya kawaida inafanya hatua zaidi ya bilioni moja kwa sekunde moja. Simu ya mfukoni pia iko na mwendo wa namna hiyo. Kwa hiyo ndani ya mashini yenyewe kazi ndogo inakwisha kabla hujafumba jicho. Tatizo linaanza pale mashini inapouliza mashini ingine iliyo mbali.

Tuchukue setilaiti za aina ya zamani, zile zinazokaa juu ya ikweta kwa urefu wa karibu kilomita 36.000. Sehemu nyingi za mashariki ya Kongo zilitegemea sahani za setilaiti hizo kwa miaka mingi. Ombi linapanda mpaka kule juu, linashuka upande wa pili, kisha jibu nalo linapanda na kushuka. Hizo ni safari nne, karibu kilomita 144.000. Mawimbi ya redio yanakwenda kilomita 300.000 kwa sekunde. Kwa hiyo safari peke yake inakula karibu nusu sekunde, hata kama kila kitu kiko sawa. Ndani ya nusu sekunde hiyo, ordinatere yenye mwendo wa hatua bilioni moja ingekuwa imefanya hatua milioni 500. Badala yake imekaa.

Kwa waya wa fibra optiki mwendo ni wa kilomita karibu 200.000 kwa sekunde. Kutoka Kindu mpaka Kinshasa, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 1.200. Kwenda na kurudi kungechukua sehemu ndogo sana ya sekunde. Lakini kati ya simu yako na seva, yaani ile ordinatere kubwa inayojibu, kuna minara, kuna foleni za data, kuna umeme unaokatika. Kipande cha data kikipotea njiani kinatumwa tena. Nusu sekunde inakuwa sekunde tano, tano zinakuwa thelathini. Na siku ingine jibu halifiki kabisa.

Hiyo ndiyo hali ya kwanza ya kuelewa. Programu ya rezo inatumia muda mdogo kufanya kazi na muda mwingi kungoja. Swali la fundi ni hili: wakati inangoja, inafanya nini?

Njia ya kwanza: kusimama na kungoja

Njia rahisi ni kusimama. Programu inatuma ombi, inaganda pale pale, na haifanyi kitu kingine mpaka jibu lirudi. Ni kama kabini yenye mtu mmoja na simu moja, ambaye anamhudumia mteja, kisha anakaa anatazama kioo mpaka mesaji iingie, ndipo anamwita mteja wa pili. Kama mesaji ya mteja wa kwanza inachukua dakika tatu, watu kumi wa nyuma wanangoja nusu saa, hata kama shida zao ni ndogo. Kwenye simu unaona alama yake: aplikasio inaganda, unabonyeza, hakuna kinachosogea.

Njia ya pili ni kuongeza wafanyakazi. Ndani ya ordinatere mfanyakazi wa namna hiyo anaitwa uzi. Kila mteja anapewa uzi wake, na uzi huo unaruhusiwa kuganda, kwa sababu nyuzi zingine zinaendelea. Hiyo inafanya kazi vizuri kwa wateja kumi ama mia. Lakini kila uzi unataka nafasi ya kumbukumbu. Kwa kawaida Linux inautengea uzi mmoja nafasi ya hadi MB 8 kwa ajili ya kuandika mambo yake. Nyuzi 10.000 zinafikisha nafasi ya GB 80 kwenye hesabu, hata kama si yote inatumika kweli. Pia mashini inapoteza nguvu kwa kuhama kutoka uzi mmoja kwenda mwingine.

Mwaka 1999 Mmarekani Dan Kegel aliandika juu ya tatizo hilo na kuuliza namna gani seva moja inaweza kuhudumia wateja 10.000 kwa wakati mmoja. Swali lake lilienea sana kati ya mafundi. Mwaka 2004 Mrusi Igor Sysoev alitoa nginx, programu ya seva ambayo haimpi kila mteja uzi wake. Wafanyakazi wachache tu wanahudumia maelfu ya wateja, kwa sababu hakuna anayesimama kungoja.

Njia hiyo ndiyo asinkroni. Katikati yake kuna kitu kinachoitwa mzunguko wa matukio. Programu inazunguka bila kuchoka na kuuliza mfumo wa mashini: "Nani amepata jibu?" Kwenye Linux chombo cha kuuliza hivyo kinaitwa epoll. Mfumo unasema: mteja wa 14 na wa 309 wamejibiwa. Programu inashughulikia hao wawili haraka, kisha inarudi kuuliza. Wale ambao jibu lao halijafika hawamzuii mtu.

Sasa, jibu la mteja wa 309 likifika, programu inajuaje ilikuwa inataka kufanya nini na huyo mteja? Hapo ndipo kolbeki na korutini zinaingia.

Kolbeki: acha nimero, utapigiwa

Sisi wote tunajua kubipi. Huna unite, unampigia ndugu yako mara moja na kukata, unaendelea na kazi zako za shamba ama za jikoni, na yeye atakupigia akipata nafasi. Hukusimama na simu sikioni.

Kolbeki ni karibu na hiyo. Programu inapotuma ombi, inaacha maagizo pamoja nalo: "Jibu likifika, fanya kipande hiki cha kazi." Kipande hicho cha kode ndicho kolbeki. Programu inaendelea na wateja wengine. Jibu likirudi, mzunguko wa matukio unaangalia maagizo yaliyoachwa na kuyatekeleza.

Namna hii ilipata nguvu sana baada ya mwaka 2009, wakati Mmarekani Ryan Dahl alipotoa Node.js, chombo cha kuendesha lugha ya JavaScript kwenye seva. Karibu kila kitu ndani yake kilikuwa kwa kolbeki: kusoma faili, kuuliza data, kujibu mteja.

Mfano wa karibu yetu: franga za simu

Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwezi wa tatu 2007, chini ya kampuni ya Safaricom. Huku Kongo, Vodacom iliifungua mwezi wa kumi na moja 2012, na leo watu wanatumia pia Airtel Money na Orange Money. Kwa upande wa Kenya, Safaricom imefungua mlango kwa waandishi wa programu, mlango unaoitwa Daraja. Duka ama chama kinaweza kuunganisha aplikasio yake na M-Pesa kupitia mlango huo. Namna unavyofanya kazi imeandikwa wazi, kwa hiyo tunaweza kuufuata hatua kwa hatua.

Kwanza, aplikasio ya duka inatuma ombi: kiasi cha pesa, nimero ya simu ya mteja, na anwani ya intaneti ya duka ambako jibu litaletwa. Anwani hiyo ndiyo kolbeki.

Pili, Daraja inajibu haraka kwamba ombi limepokelewa, na inatoa nimero ya kulitambua ombi hilo. Hapa watu wengi wanateleza. Jibu hilo halisemi kwamba pesa imelipwa. Linasema tu: tumekusikia.

Tatu, simu ya mteja inaonyesha ombi la kuingiza kode ya siri. Mteja anaweza kuingiza mara moja. Anaweza kuwa anaendesha pikipiki. Anaweza kukataa. Simu yake inaweza kuwa imezimika.

Nne, mambo yakiisha, M-Pesa yenyewe ndiyo inaipigia anwani ya duka na kuleta matokeo pamoja na kode. Kode 0 inasema malipo yamepita. Kode 1032 inasema mteja ameghairi. Hapo tu ndipo duka lina haki ya kutoa bidhaa.

Kati ya hatua ya pili na ya nne kunaweza kupita sekunde nyingi. Seva ya duka haikusimama. Imehudumia wengine. Na kama matokeo hayafiki, kuna mlango mwingine wa kuuliza: duka linatuma ile nimero ya ombi na kusema, "Hili lilifika wapi?" Tuiweke akilini nimero hiyo, tutairudia.

Pale kolbeki inapochosha

Kolbeki moja haina shida. Shida inakuja kazi ikiwa na hatua nyingi, kila moja ikingoja ya mbele yake. Tuseme programu ya kutuma pesa inataka kuangalia salio, kukata pesa, kuongeza kwa mpokeaji, na kutuma mesaji. Kwa kolbeki inaandikwa hivi:

Uliza salio, jibu likifika (
   kata pesa; jibu likifika (
      ongeza kwa mpokeaji, jibu likifika (
         tuma mesaji )))

Kila hatua imezaliwa ndani ya ingine. Kode inasogea kuelekea kulia kama ngazi iliyoanguka. Ukisoma baada ya miezi miwili hujui mwanzo wala mwisho. Mambo ya kosa ni mabaya zaidi: kila hatua inahitaji maagizo yake ya "kama imeshindikana, fanya hivi." Ukisahau moja, kosa linamezwa kimya, pesa imekatwa kwa mtumaji na haijafika kwa mpokeaji, na hakuna mtu aliyeambiwa.

Wenye lugha ya JavaScript walijaribu kwanza kupunguza mzigo kwa kitu kinachoitwa ahadi. Ombi linarudisha ahadi hapo hapo, na unaweza kupanga ahadi moja chini ya ingine badala ya moja ndani ya ingine. Ahadi ziliingia rasmi kwenye lugha hiyo mwaka 2015. Zilisaidia, lakini bado kode ilikuwa vipande vipande.

Korutini: fundi anayejua alipoachia

Fikiria fundi wa cherehani mwenye kazi tano mezani. Anashona gauni la kwanza, anagundua zipu imekwisha. Anamtuma mtoto sokoni. Hakai akitazama mlango. Anachoma sindano pale pale alipofikia, anaweka gauni pembeni, anachukua suruali ya mteja wa pili. Mtoto akirudi na zipu, fundi anachukua gauni lile na kuendelea kutoka kwenye ile sindano. Hakuanza upya. Hakuhitaji kumwandikia mtoto karatasi ya maagizo. Nguo yenyewe inaonyesha kazi ilifika wapi.

Hiyo ndiyo korutini: kipande cha programu kinachoweza kusimama katikati, kukumbuka kila kitu kilichokuwa mkononi mwake, kuwaachia wengine nafasi, kisha kuendelea kutoka mahali pale pale. Ile kazi ya kutuma pesa, kwa korutini, inaandikwa hivi:

ngoja: uliza salio
ngoja: kata pesa
ngoja: ongeza kwa mpokeaji
ngoja: tuma mesaji

Inasomeka kutoka juu kwenda chini, kama mtu anavyosema. Lakini kila neno "ngoja" ni ile sindano: hapo programu inaweka kazi pembeni na kwenda kwa wateja wengine. Na makosa yanashikwa mahali pamoja: ukizunguka hatua zote nne kwa sharti moja la "ikishindikana popote, fanya hivi", limetosha.

Watu wanadhani ni kitu kipya. Si kweli. Jina hilo lilitolewa na Mmarekani Melvin Conway mwaka 1958, na makala yake inayolieleza ilichapwa mwaka 1963, wakati ordinatere zilikuwa kubwa kama vyumba. Wazo lilikaa miaka mingi bila watu wengi kulitumia. Lua, lugha iliyotengenezwa kwenye chuo kikuu cha Rio de Janeiro, Brazil, ililiingiza mwaka 2003. C# ya Microsoft ilipata maneno ya kungoja mwaka 2012. Python ilileta maktaba ya asyncio mwaka 2014, na mwaka 2015 ikaongeza maneno async na await. JavaScript ilifuata mwaka 2017. Kotlin, lugha inayotumika sana kwa aplikasio za simu za Android, ilizitangaza korutini zake kuwa tayari mwaka 2018.

Je, korutini imeua kolbeki? Hapana. Chini kabisa, mzunguko wa matukio bado unafanya kazi kwa kuamsha kitu jibu likifika. Na kati ya kampuni mbili, kama duka na M-Pesa, kolbeki ya anwani ya intaneti inabaki njia ya kawaida, maana huwezi kuweka sindano ndani ya mashini ya mtu mwingine. Korutini inapanga mambo ndani ya nyumba yako. Kolbeki inabaki pale mlangoni.

Makosa matatu ya kuangalia

Kosa la kwanza ni mmoja kuziba njia. Korutini zinaishi kwa kuachiana nafasi kwa hiari. Kama moja inaingia kwenye hesabu ya sekunde kumi bila kusema "ngoja", ama inatumia chombo cha zamani kinachoganda, zote zingine zinakwama nyuma yake. Kazi nzito za namna hiyo zipelekwe kwenye uzi wa pembeni.

Kosa la pili ni kusahau neno la kungoja. Kwenye Python, ukiita korutini bila await, kazi haifanyiki kabisa. Programu inaendelea kama vile imekwisha. Python inatoa onyo, lakini mtu asiyesoma maonyo hatajua.

Kosa la tatu ndilo linakula pesa. Wakati korutini moja inangoja, dunia inabadilika. Tuseme kabini ina 100.000 franga kwenye simu. Wateja wawili wanakuja kwa wakati mmoja, kila mmoja anataka kutumiwa 80.000. Korutini ya kwanza inauliza salio: 100.000, inatosha. Inangoja. Ya pili inauliza salio: bado 100.000, inatosha. Sasa ya kwanza inakata 80.000, na ya pili inakata 80.000. Zimetoka 160.000 kwenye mfuko wa 100.000. Kila moja ilifanya hesabu sawasawa, lakini kwa salio la zamani. Dawa ni kuangalia na kukata kwa tendo moja lisilogawanyika, ama kufunga akaunti kwa muda mpaka wa kwanza amalize.

Kukosa jibu hakusemi "hapana"

Tumefika kwenye jambo kubwa. Umetuma ombi, umengoja, jibu halijafika. Kinaweza kuwa kimetokea kimoja kati ya vitu vitatu:

1. Ombi lilipotea njiani. Hakuna kilichofanyika.
2. Ombi lilifika, kazi imefanyika, lakini jibu ndilo lilipotea.
3. Ombi bado liko kwenye foleni. Kazi itafanyika baadaye kidogo.

Kwa upande wako hali hizi tatu zinafanana kabisa: kimya. Ukituma tena, katika hali ya kwanza umefanya vizuri. Katika hali ya pili na ya tatu umelipa mara mbili. Hakuna kolbeki wala korutini inayoweza kukuambia uko katika hali gani kwa kuangalia kimya tu.

Mafundi wana dawa mbili, na zinatumika pamoja. Ya kwanza ni kuweka kikomo cha kungoja. Programu isiyo na kikomo inaweza kungoja mpaka kesho. Kikomo kikifika, programu inapaswa kusema "haijulikani bado", isiseme "imeshindikana". Maneno haya mawili yana tofauti ya pesa.

Dawa ya pili ni ile nimero ya ombi. Kila ombi linapewa nimero yake kabla ya kutumwa. Ukirudia, unarudia na nimero ile ile. Seva ikiona nimero iliyokwisha kuhudumiwa, haikati tena. Inarudisha jibu la mara ya kwanza. Hapo unaweza kurudia mara kumi bila hofu. Lakini kama kila kubonyeza kunatengeneza nimero mpya, seva inaona maombi kumi tofauti ya mtu mmoja mwenye ukarimu mwingi.

Na kolbeki yenyewe inaweza kuletwa mara mbili, kwa sababu mleta jibu naye anaweza kukosa kusikia "asante, nimepokea." Kwa hiyo upande wa duka pia unapaswa kuandika nimero za majibu yaliyokwisha kushughulikiwa. La sivyo, mteja aliyelipa mfuko mmoja wa mchele ataandikiwa miwili.

Kwa mama sokoni na kijana wa kabini

Mambo haya yote yanarudi kwenye maneno machache ambayo yanafaa kusemwa kila siku:

— Mwanangu, tuma tena tu, jibu halijaingia.
— Hapana mama, tungoje kwanza. Nikituma tena inaweza kukata mara mbili. Tuangalie kama franga iko bado.

Kijana huyo amefanya alichopaswa kufanya programu nzuri: ameuliza hali kabla ya kurudia. Kwa hiyo:

• Mesaji ikikawia, angalia salio kwanza. Kama limepungua, ombi lilipita. Jibu ndilo limepotea.
• Kama salio halijapungua, usirudie hapo hapo. Ombi linaweza kuwa bado kwenye foleni. Acha dakika kadhaa zipite, angalia tena, tazama pia orodha ya miamala ya mwisho kwenye menyu.
• Hifadhi mesaji yenye nimero ya muamala. Bila nimero hiyo, kulalamika kwa kampuni ni maneno matupu.
• Muuzaji asitoe bidhaa kwa kuonyeshwa mesaji kwenye simu ya mnunuzi. Mesaji inaweza kuandikwa na mtu yeyote. Uthibitisho wako ni ule ulioingia kwenye simu yako, pamoja na salio lako lililoongezeka.
• Mtu akikupigia na kusema alituma kwako kwa makosa, usirudishe mpaka umeangalia salio wewe mwenyewe.

Kwa vijana wanaotaka kujaribu

Huhitaji rezo nzuri ili kujifunza asinkroni. Unahitaji ordinatere moja yenye Python, na somo linaweza kufanyika bila intaneti kabisa. Andika seva ndogo ndani ya mashini yako inayochelewa kwa makusudi: sekunde mbili kwa huyu, kumi kwa yule, na kwa wengine isijibu kamwe. Kisha andika programu ya kuiuliza mara 100.

Kama kila jibu linachukua sekunde mbili, njia ya kusimama na kungoja itachukua sekunde 200, yaani zaidi ya dakika tatu. Kwa korutini, maombi yote 100 yanangoja pamoja, na kazi inakwisha kwa sekunde mbili na kidogo. Rezo haijawa nzuri zaidi, kila jibu bado limechukua sekunde zake mbili. Tofauti ni kwamba hakuna aliyengoja nyuma ya mwingine.

Ukishaona hilo kwa macho, ongeza yale magumu: weka kikomo cha kungoja, tupa baadhi ya majibu, rudia ombi kwa nimero ile ile, na angalia kama hesabu ya mwisho ya pesa inabaki sawa. Kama mwanzoni kulikuwa na 1.000.000 franga kwenye akaunti zote kwa jumla, mwishoni ziwe 1.000.000. Zikipungua ama zikiongezeka, kuna mahali uliposahau kungoja, ama ulipongoja vibaya.

Huko miji yenye rezo imara, fundi anaweza kuandika programu mbaya na asijue kwa miezi, kwa sababu majibu yanafika tu. Hapa Kindu, na vilevile Kasongo, Kalemie ama Bukavu umeme ukikatika, programu hiyo inaumbuka siku ya kwanza. Kijana anayejifunzia huku anakutana mapema na kimya cha rezo, na programu anayoiandika inapaswa kukihesabu kimya hicho tangu mstari wa kwanza.